Kipupwe hichi na kupasha gari asubuhi: kuna haja, au mazoea tu?

#1 KijanaWaFuoni
Assalaam alaykum wanajamvi. Kipupwe kishaingia, kusi linavuma, alfajiri ukitoka msikitini unajikunyata. Sasa mie nina jirani yangu ana Noah. Kila siku baada ya sala anaiwasha, anarudi ndani kunywa chai, na gari inaunguruma chini ya dirisha langu mpaka amalize kipande chake cha mwisho cha mkate. Nimemuuliza kwa adabu, kanambia injini ikitembezwa na baridi inakufa mapema. Mie nina IST, nawasha, nafunga mkanda, naondoka zangu. Nawauliza wanaojua: baridi yetu hii ya nyuzi 21 au 22, injini inaisikia? Au tunachoma petroli bure? Nataka sababu, sio "tumezoea".

#2 Dereva502
W/salaam. Jirani yako yuko sawa. Natembeza gari ya abiria njia ya Bububu, najua ninachosema. Chombo kikilala usiku kucha, oili nyingi inashuka chini kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Asubuhi piga stata utege sikio: tak tak tak huko juu kwenye hedi. Ule ni mlio wa chuma kwa chuma. Ukiondoka nao unajichimbia mwenyewe. Subiri unyamaze ndio utie gia.

#3 MwalimuWaAmani
@Dereva502 kumbe mna muda wa kusubiri injini inyamaze? Maana sie abiria hamtusubiri hata tukae.

#4 Dereva502
😂 Mwalimu, hiyo ni mada nyengine, fungua uzi wako.

#5 FundiJangombe
Salaam. @Dereva502 mlio kasema kweli, muda ndio sikubaliani nao. Pampu ya oili inazungushwa na injini yenyewe. Ukiwasha tu, inavuta oili sampo na kuipandisha juu, na kwenye gari nzima hilo halichukui ila sekunde chache. Ndio maana ile taa nyekundu ya oili inazimika hapo hapo. Ikiwa tak tak inaendelea dakika nzima, hiyo sio baridi. Oili imepungua, au filta imeziba, au vali zimelegea. Ilete gereji, usiipashe.

Kwa gari za EFI, yaani zinazopewa petroli na kompyuta, angalieni mshale wa RPM, ule wa mizunguko ya injini. Ukiwasha ikiwa baridi, kompyuta inapandisha yenyewe sailensa, yaani mzunguko wa injini bila ya kukanyaga mafuta, 1,200 mpaka 1,500 hivi. Joto likiingia inashuka taratibu mpaka 700 au 800. Mie wateja wangu nawaambia: ukiona mshale umeanza kuteremka, nenda. Ila nenda pole pole, usikanyage mafuta mpaka gari ipate joto lake. Injini inayotembea na mzigo inapata moto haraka kuliko iliyosimama.

#6 MzeeWaVespa
Vijana mnazungumza kompyuta, nyie hamkuikuta kabureta, ile ya kuchanganya petroli na hewa bila ya kompyuta. Hii tabia haikuzuka tu. Peugeot 404, Morris, Landrover, zile Bedford za shamba, zote zilikuwa na choki. Asubuhi unavuta choki ili hewa ipungue petroli izidi, kwa sababu petroli ikikuta njia ya hewa ina baridi haigeuki mvuke vizuri, inaganda ukutani kwa matone. Ukiondoka bila ya kupasha, gari inakohoa na kuzimika, ukifika Mlandege ushaiwasha mara kadhaa na watu wanakutazama. Na choki ukiisahau, plagi zinalowa. Kwa hiyo tulipasha kwa lazima. Vespa yangu mpaka leo bila ya choki alfajiri haikubali, ya kipupwe ndio kabisa. Hizi EFI zimekuja miaka ya tisini, lakini watu mguu wao ni ule ule wa kabureta.

#7 MpembaKisiwani
Mzee wangu shikamoo. Hapo ndipo penye asili ya maneno.

#8 KaribuNaNchaYaDunia
Salaam kutoka Uswidi. Mzee @MzeeWaVespa, kwa heshima zote, kwetu ndio zilienea miaka ya tisini na gari za Japani. Zenyewe zimeanza zamani: Volkswagen 1600 ya mwaka 1967 ilishatoka na sindano za mafuta za umeme za Bosch.

Nacheka kidogo mkisema baridi. Huku Januari kuna siku nyuzi zinashuka 20 chini ya sifuri. Gari nyingi zina hita ndogo kwenye injini, unachomeka waya kwenye umeme pale unapoegesha, na injini inakuwa na joto kabla hujaiwasha. Hata hivyo hawatwambii tuiache inaunguruma nusu saa. Ujerumani sheria ya barabarani kabisa inakataza kuiacha injini ikiunguruma bila ya sababu, na kupasha gari imesimama kumo humo.

Sababu ya kiufundi hii hapa: injini ikiwa baridi kompyuta inamwaga petroli zaidi ya kawaida. Isiyoungua yote inateremka ukutani mwa silinda, inaosha ule utando wa oili, nyengine inapita kwenye ringi za pistoni mpaka sampo. Ukiipasha imesimama unarefusha ule muda wa kuoshwa. Huyo jirani wa Noah anadhani anailinda, kumbe anaichakaza.

#9 Dereva502
Wewe huko una barafu, unatufundisha sie wa nyuzi 22?

#10 KaribuNaNchaYaDunia
Ndio hoja yenyewe, yakhe. Ikiwa kwenye barafu hawapashi nusu saa, Fuoni kuna nini?

#11 BiKarafuu
Nimesoma kimya, sasa niulize. Nipo Wete. Kipupwe hichi asubuhi mafuta yangu ya nazi yameganda chupani, nayaweka juani ndio yatoke. Sasa ikiwa mafuta ya nazi yanaganda ndani ya nyumba, hiyo oili iliyolala nje kwenye umande hali yake vipi? Mie mume wangu anapasha na namuona ana akili.

#12 Mkwajuni_Boy
Hapo Bi Karafuu kamaliza mjadala. Fungeni uzi.

#13 MwalimuWaAmani
Haufungwi. Mie nasomesha kemia. Shoga yangu @BiKarafuu, mafuta ya nazi yana asidi za mafuta zilizojaa kwa wingi, kwa hiyo huganda na kuyeyuka karibu na nyuzi 24. Ndio maana Disemba yako maji na Julai yameganda, tofauti ya nyuzi mbili tatu tu. Oili ya injini imetengenezwa na vitu vyengine kabisa, haigandi kwa kipupwe.

#14 Mkwajuni_Boy
Lakini kwenye kopo imeandikwa 5W-30. Si maana yake mwisho wake nyuzi 5?

#15 KaribuNaNchaYaDunia
Hapana. Ile 5W ni daraja la baridi, sio kipimo cha nyuzi. Oili ya 5W hupimwa uzito wake wakati wa kupiga stata kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Hata hiyo 20W-50 inayoonekana nzito hupimwa kwenye 15 chini ya sifuri. Namba ya pili, 30 au 50, ni uzito wake injini ikishapata moto.

#16 FundiJangombe
Sawa kabisa. Ila niongeze: kwa nyuzi 22 hiyo 20W-50 inatiririka, lakini ni nzito kuliko 5W-30, na gari ndogo za Japani matundu yake ya oili ni membamba. Watu wanatia 20W-50 kwenye Vitz kwa sababu injini imechoka na inakula oili. Hapo sasa tak tak ya asubuhi inarefuka, na hapo ndipo @Dereva502 anapopata ushahidi wake. Kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu baridi, semeni kwanza mmetia oili gani.

#17 Dereva502
Natia ninayopewa na tajiri.

#18 MpembaKisiwani
Mie nataka kuleta kesi yangu, kwa sababu naona wote mnazungumzia injini inayopata joto. Yangu haipati. Nina Escudo. Ilikuwa inachemsha nikipanda vilima vya njia ya Mkoani, nikaipeleka kwa fundi mmoja, jina tuliache. Akatoa themostati, akanambia "hii kwetu haina kazi, ni ya Wazungu". Kuchemsha kweli kukaacha. Lakini tokea siku hiyo mshale wa joto haufiki hata robo. Nikitoka Wete mpaka Chake asubuhi ya kipupwe, nafika bado gari ina baridi. Petroli inakunywa kuliko mwanzo. Nikifungua kifuniko cha oili nakuta utando mweupe mzito umeganda chini yake. Sasa mie nipashe muda gani? Nikipasha mpaka adhuhuri haitopata moto.

#19 FundiJangombe
@MpembaKisiwani sasa tumefika kwenye maradhi yenyewe. Themostati ni mlango. Injini ikiwa baridi unafunga, maji yanazunguka ndani ya injini tu yasende kwenye rejeta, ipate moto haraka. Ikifika nyuzi 82 au 88 hivi, inategemea gari, mlango unafunguka. Ukiutoa, maji yanakwenda kwenye rejeta tokea sekunde ya kwanza. Injini inabaki baridi, kompyuta inadhani ndio kwanza imewashwa, inaendelea kumwaga petroli. Na ule utando mweupe ni mvuke wa maji uliochanganyika na oili, hauna joto la kuukausha. Ila pima na maji ya rejeta: yakiwa yanapungua bila ya kuvuja, isije ikawa gasketi ya hedi.

Nawatetea kidogo mafundi wenzangu. Gari inakuja imechemsha, rejeta imejaa kutu na chumvi kwa sababu mwenyewe anatia maji ya kisima. Visima vyetu vya pwani mnavijua maji yake. Fundi anaambiwa "nifanyie nipate kuondoka leo". Anatoa themostati. Dawa ilikuwa kusafisha rejeta na kutia kuleni (dawa ya kupozea injini) badala ya maji, lakini hiyo ni pesa.

#20 MzeeWaVespa
Zamani tulikuwa tukizitoa wote, na gari zilikaa.

#21 FundiJangombe
Mzee wangu, zile hazikuwa na sensa. Kabureta haikujua kama injini ina joto au haina, wewe na choki yako ndio mliojua.

#22 MwalimuWaAmani
Sasa mie naomba kueleweshwa yangu. Nina Vitz, natoka Amani naenda skuli Kikwajuni. Ile taa ya buluu ya baridi kwenye dashibodi inazimika ndio kwanza nimekaribia, nazima gari, basi. Mchana hivyo hivyo kurudi. Maji yanatoka kwenye ekzosi, yanadondoka mpaka mwanafunzi mmoja akanambia "Mwalimu, gari yako inavuja". Kupasha nyumbani kutasaidia?

#23 KaribuNaNchaYaDunia
Hayo maji ni ya kawaida. Mwalimu wa kemia utanisahihisha: lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Bomba likiwa na moto yanatoka mvuke, likiwa na baridi yanakuwa matone. Tatizo ni safari fupi. Maji yanabaki ndani ya bomba yanalila kwa kutu, na mengine yanaingia kwenye oili. Kupasha imesimama hakutosaidia sana. Bora mara moja kwa wiki upate safari ndefu, nenda hata Makunduchi ukapunge upepo.

#24 MwalimuWaAmani
Hesabu yako iko sawa. Petroli nayo ya kwenda Makunduchi utanitumia kutoka Uswidi?

#25 Mkwajuni_Boy
😂😂

#26 HaonekaniMtu
Nyote mnaangalia injini, hakuna anayetaja gia. Gari yangu otomatiki, asubuhi nikiingiza D inapiga "du!" mpaka kikombe kinatikisika. Nikiipasha inaingia laini. Mie napasha kwa ajili ya giaboksi.

#27 FundiJangombe
Inapiga kwa sababu unaingiza D wakati sailensa bado iko 1,500. Kanyaga breki, subiri mshale ushuke kidogo, ndio uingize. Na angalia mpira wa kushikilia injini, pengine umekatika. Oili ya gia yenyewe inapata moto kwa kutembea.

#28 HaonekaniMtu
Mbona basi Disemba haipigi?

#29 FundiJangombe
Kwa sababu Disemba sailensa ya asubuhi haipandi sana.

#30 HaonekaniMtu
Kwa hiyo baridi ya Unguja injini inaisikia. Ahsante, umejibu swali la #1 😎

#31 KijanaWaFuoni
Hahaha. Hapo fundi kabanwa.

#32 FundiJangombe
Sijabanwa. Sensa inaisikia, ndio kazi yake. Kuisikia na kuumwa ni mambo mawili.

#33 Baharia_Mstaafu
Ndugu zangu, mengine sina, ila hili nalisema kwa mkazo. Wenye gereji ya kufunga mlango nyumbani, msipashe gari ndani. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, mtu analala haamki. Na nyie wa vichochoro vya Mji Mkongwe mnaowasha vespa na gari chini ya madirisha ya watu, moshi unapanda juu kwa wenye watoto wachanga. Asubuhi gari ndio inatoa moshi mchafu zaidi, kwa sababu yale masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi hayafanyi kazi mpaka yapate moto mkali.

#34 Dereva502
Masega yenyewe nani anayo? Yashatolewa zamani yakauzwa.

#35 NoahNyeupe
A/alaykum. Mie ndiye jirani. Nimeletewa uzi huu na mwanangu, nimecheka sana. Kwanza, mkate ni wa mofa, hauliki kwa haraka. Pili, nimesoma mambo ya ringi na petroli, sawa, lakini hakuna aliyetaja kioo. Gari yangu inalala chini ya mwembe, kipupwe hichi kioo cha mbele kina umande nje na ukungu ndani, hata geti sioni. Nawasha, natia feni ya kioo, naiacha ipate joto, nikitoka kioo cheupe. Nina watoto wanne nawapeleka madrasa na skuli, siwezi kuendesha kichwa nimekitoa dirishani. Tatu, huyo kijana anayenilalamikia, IST yake anaiwasha na hapo hapo anakanyaga mafuta mpaka kuku wanaruka. Fundi amwambie hilo nalo.

#36 KijanaWaFuoni
Ami, sikujua umo humu 🙈 Shikamoo.

#37 MwalimuWaAmani
Uzi sasa ndio umenoga.

#38 FundiJangombe
@NoahNyeupe karibu. Kioo ni hoja ya haki, mie sikuifikiria. Lakini ukungu wa ndani unaondoka haraka zaidi ukiwasha AC, kwa sababu AC inakausha hewa. Huna haja ya kusubiri injini ipate moto. Umande wa nje ni waipa tu.
@KijanaWaFuoni kukanyaga mafuta injini ikiwa baridi ndio ubaya mkubwa kuliko yote yaliyosemwa humu. Pistoni inapata moto na kutanuka kabla ya silinda. Bora jirani yako na chai yake.

#39 NoahNyeupe
AC haina gesi.

#40 BiKarafuu
Na paka je? Hamjataja paka. Huku kwetu kipupwe wanapanda kwenye injini kutafuta joto. Mume wangu kabla hajawasha anapiga boneti kwa kofi, paka anatoka mbio. Nyie mnaowasha na kuondoka hapo hapo siku moja mtatia dhambi.

#41 Mkwajuni_Boy
Hili kweli. Mimi mkanda wa feni umeshakatika kwa ajili hiyo. Paka alisalimika, alipoteza manyoya tu.

#42 WaDizeli
Na sisi wenye Hilux za dizeli? Mbona hamtutaji?

#43 Dereva502
Dizeli washa swichi, subiri ile taa ya hita plagi izimike, ndio upige stata. Dizeli inawaka kwa joto la mgandamizo, haina plagi ya cheche. Kwa kipupwe chetu iliyo nzima inawaka tu, ila hita plagi zikiwa zimekufa inatoa moshi mweupe na kutetemeka. Kupasha ni lazima.

#44 KaribuNaNchaYaDunia
Mpaka taa izimike sawa. Baada ya hapo dizeli ikisimama inachelewa sana kupata joto, inachoma mafuta kidogo mno. Hiyo ndio ya kuondoka nayo haraka kuliko zote. Yenye tabo (turbo), subira yake iwe unapofika: iache dakika moja ndio uzime.

#45 Dereva502
Tutabishana mpaka masika.

#46 KijanaWaFuoni
Ahsanteni wote. Swali moja la mwisho: petroli inayoliwa pale ni kiasi gani? Nauliza kwa niaba ya ami 😄

#47 KaribuNaNchaYaDunia
Gari ndogo ikisimama inaunguruma saa nzima inakula kati ya nusu lita na lita moja. Noah ni kubwa kidogo. Kwa muda wa chai ni kidogo kwa siku, kwa mwezi unaiona.

#48 NoahNyeupe
Mie huo ndio mchango wangu wa kumuamsha jirani asikose kazi.

#49 MpembaKisiwani
@FundiJangombe nirudi kwenye yangu kabla hamjasahau. Nataka kurudisha themostati, lakini niko Wete, siwezi kuileta gari Jang'ombe kwa meli. Na sina hakika kama kweli aliitoa au alinidanganya tu.

#50 FundiJangombe
Pima mwenyewe. Asubuhi, gari ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta halafu washa. Chungulia ndani. Ukiona maji yanakimbia tokea mwanzo, themostati haipo au imekwama wazi. Yakiwa yametulia mpaka injini ipate moto ndio yaanze kwenda, ipo na inafanya kazi. Usithubutu kukifungua ikiwa moto, yanakurukia usoni. Ukinunua, angalia namba ya nyuzi iliyogongwa kwenye chuma chake ilingane na ya gari yako, na gasketi yake nunua mpya. Kwanza lakini safisha rejeta, la sivyo utarudi kuchemsha kwenye kilima kile kile.

#51 MpembaKisiwani
Nimechungulia asubuhi hii. Yanakimbia.

#52 FundiJangombe
Basi piga picha ya rejeta kwa ndani uitume hapa.